Aliyenifundisha Kufunga Jiwe kwa Waya

Mayu, mama mzaa mume wangu,

Shikamoo. Leo sijatoka. Jana nilirudi kutoka Masumbwe nimechoka hoi, na asubuhi hii dole gumba la kulia, lile ninalobania waya, limekataa kukunjika hata kushika kikombe cha chai. Watoto wako shule. Nimekaa mlangoni hapa Rwamgasa na daftari la Kulwa, nimechana karatasi mbili katikati. Nina neno la kukuambia, lakini niache nianzie mbali kidogo.

Nakumbuka asubuhi ile kwenu Songwa, matanga ya mume wangu Masanja yalipokwisha kuanuliwa. Duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limewafukia yeye na wenzake wawili, wakatolewa siku ya pili yake. Kila mtu alijua mimi nitarudi machimboni na mapacha wangu, na wewe utabaki nyumbani kwako. Nikatoka nje na mizigo, nikakukuta umekalia begi lako. Shemeji, mwanao mkubwa, akakuuliza unakwenda wapi.

"Naenda na huyu," ukasema.

Hukunitaja jina. Tusidanganyane, mayu, tulikuwa hatupendani kihivyo. Mimi Muha wa Kasulu, Kisukuma chenyewe nilikuwa nakiokota okota, na ulikuwa ukimwambia Masanja kwamba napika mlenda kama mtu anayekimbizwa. Lakini ulipanda gari, ukampakata Doto mpaka tunafika.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Jioni nilianza kurudi na mawe mfukoni. Yale meupe yanayopitisha mwanga, mengine yana mstari wa kijani, yanayotupwa kwa sababu hayana kitu. Nikayapanga dirishani. Ukayaangalia siku tatu, ya nne ukauliza, "Haya yana dhahabu?"

"Hayana."

"Sasa?"

"Mazuri tu, mayu."

Ukanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nilikuwa nimeona kwenye simu mama mmoja wa nchi za mbali akizungusha waya kwenye jiwe, jiwe likawa kidani. Lugha yake sikuijua hata neno. Nikaenda kwa fundi anayesuka mota pale sokoni, akanipa waya wa shaba aliokuwa ameutoa kwenye pampu iliyoungua, mnene na mwembamba umechanganyika. Plaizi nikaazima kwake. Nikadhani kazi imeisha.

Ulikuwepo, ulinishuhudia. Jiwe la kwanza liliteleza likaangukia kwenye sufuria ya maharage. La pili nililifunga likafungika, nikalinyanyua kwa furaha, likabaki chini, mkononi nimeshika waya mtupu. Waya nao ulikuwa ukikatika kila nikikunja. Vidole vilijaa vitobo, nikawa nafua nguo kwa machozi. Ulikaa pembeni na kunde zako, unachambua, husemi kitu. Wiki nzima. Nilikuchukia kwa kile kimya.

Jumapili, tumetoka kanisani, nikautupa waya ukutani. Ndipo uliposimama.

"Bhebhe, wewe, lete hapa."

Ukautia kwenye makaa, ukaungoja ubadilike rangi, ukautoa kwa kijiti. Ukafunika vidole kwa pindo la kanga, ukauvuta waya mara tatu, nne, ukanyooka kama uzi wa kitambaa. Ukalaza nyaya tatu nene pamoja, bega kwa bega, na ule mwembamba ukaanza kuuzungusha juu yake, mzunguko umeshikana na mzunguko, huoni hata pa kupitisha sindano. Mimi nimesimama mdomo wazi.

"Umejifunza wapi?"

Ukaniambia kwamba mama yako alikuwa akizungushia waya kwenye singa za mkia wa ng'ombe, akitengeneza vikuku vya kuvaa miguuni siku za ngoma, na wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia upande wa pili. Ulikuwa na miaka kama ya mapacha wangu. Tangu hapo hukuwa umegusa kazi hiyo.

"Na wiki nzima umeniangalia tu?"

"Hukuuliza."

Halafu ukanionyesha kosa langu. Nilikuwa nakunja, sipendi, nakunjua, nakunja tena. "Usiurudishe rudishe. Unachoka, unakatika. Angalia jiwe kwanza, ndipo ukunje." Ukaligeuza jiwe mpaka ukapata ubavu wake wenye kiuno, ukapitisha nyaya pale, ukazigawa, mbili mbele, moja nyuma, ukazikutanisha juu na kuacha kitanzi cha kupitishia kamba. Kidani tukakisugua kwa majivu na limao. Kilikuwa kimepinda. Mwalimu wa Kulwa alikivaa mwezi mzima, mpaka wenzake wakaja kuuliza.

Hiyo ndiyo miaka yangu mizuri, mayu, na sikujua wakati ule. Nilikuwa nikiondoka alfajiri kwenda karasha, nikirudi nakuta umenyoosha waya wote na kuupanga kwa unene. Tulikuwa tunakaa hapa hapa mlangoni. Ulikuwa hunisifu. Ukiridhika ulikuwa unaguna, ukiona kibaya unakifungua bila kuniomba.

Halafu macho yako yakaanza kuingia ukungu, na kifua kikaja. Shemeji akafika. Akasema mbele yako kwamba mama yake hawezi kuzeekea machimboni, kwenye vumbi, kwa mwanamke mjane. Ukanigeukia. Nakumbuka vizuri, uligeuza uso wote kwa sababu macho yalikuwa hayatoshi. Ulikuwa unangoja niseme.

Sikusema. Nilisonga ugali. Nilikuwa nimechoka, mayu, kukupeleka hospitali, kukuamsha, kukuogesha, karasha, watoto, na shemeji alipotamka kwamba atakuchukua, kitu kifuani kwangu kikashuka kama mzigo ulioteremshwa. Nikaona aibu hapo hapo. Lakini sikusema. Ulisimama ukatafuta begi lako kwa kupapasa.

Nilikuja Songwa mara tatu tu. Ya mwisho ulikuwa kitandani, umekuwa mwepesi kama mtoto. Nilikuletea kidani nilichokuwa najivunia, jiwe lenye mstari wa kijani. Nikakuwekea kiganjani. Ukakipapasa taratibu, kidole kimoja, mbele, nyuma, kwenye kitanzi. Nikangoja ugune.

"Ulikuwa na haraka," ukasema. "Fungua."

Nikacheka. Wewe hukucheka. Nikatoa plaizi kwenye mkoba, nikakaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda, nikakifungua chote, nikaanza upya. Nilipomaliza ulikuwa umelala, na gari langu lilikuwa linaondoka. Sikukuamsha. Nilikiweka karibu na mkono wako. Siku nne baadaye shemeji akapiga simu kwamba umetutoka. Sijamuuliza kama ulikigusa. Nimeshindwa.

Sasa lile neno. Kuna kikundi cha akina mama Masumbwe waliniita niwaanzishe kazi hii. Jana nimesimama mbele yao kutwa. Waya wao unakatika, mawe yanateleza, mmoja amejichoma akalia, nikasikia sauti yangu ikisema usiurudishe rudishe. Wakati wa kufunga mafunzo, dada mwenye daftari akauliza, "Mama Kulwa, wewe nani alikufundisha?"

Nikasema, "Simu."

Akaandika.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Pengine kwa sababu kukutaja wewe kungenilazimu kutaja na ule ugali. Nilikuwa nimechoka, nilitaka jibu fupi. Nikaaga, nikatembea mpaka stendi, nikapata kiti, nikaweka mkoba miguuni. Miguu inawaka. Konda akawa anaita abiria wa mwisho. Nikateremka.

Nikarudi ule mwendo wote. Niliwakuta bado wanafagia vipande vya waya. Nikamwambia yule dada afute. Nikawaeleza habari za makaa, za pindo la kanga, za singa za mkia wa ng'ombe. Nikawaambia ulivyokalia begi. Nikawaambia na ule ugali, mayu, mbele ya wanawake kumi na kitu nisiowajua. Mmoja alinisogezea kiti.

Kisha mama mmoja mtu mzima, mkononi ameshika jiwe lake lililomshinda, akauliza, "Huyo bibi yuko wapi, tukamwone?"

Nikawaambia, "Yuko Songwa."

Zaidi ya hapo sikuweza.

Pumzika, mayu. Mimi bado niko kazini.

Mkweo,
Mama Kulwa