Vaiza Nne na Kifua cha Mama Zuhura

Jumanne, jioni. Mvua imekatika tangu asubuhi, jua likatoka kidogo kama mtu aliyerudi kuchukua kitu alichosahau, likaondoka tena. Nimekaa barazani. Mikono yangu inanuka spiriti, na gari limesimama uani limebandikwa gundi za karatasi kila mlango kama majeruhi.

Leo sijaja kujisifu.

Mnaonisoma hapa mnanijua. Blogu hii mpwa wangu alinifungulia nitangazie viwanja, maana mimi ni dalali. Viwanja vinatoka kwa simu, hapa nimebaki kuandika yangu. Niliandika kwamba nilimuuzia mtu kiwanja mlimani nikamwambia ghorofa ya kwanza amepewa bure na Mungu. Niliandika kwamba gari langu lilivuka mto Bubu maji yakiwa juu ya boneti, na ng'ambo nikatoa kambare wawili kwenye buti.

Kambare alikuwa mmoja. Na nilimnunua.

La leo ni kweli tupu. Mke wangu amesema gari langu hapandi tena. Alhamisi, yaani keshokutwa, ana kliniki ya kifua, na amesema atakwenda kwa bodaboda, mvua inyeshe isinyeshe. Mama Zuhura ana pumu. Mvua hii ikimpiga kifuani juu ya pikipiki, asubuhi ile ya baridi, siwezi hata kuimalizia sentensi hii.

Nianzie Jumapili.

Tulikuwa tunarudi kutoka Kondoa, kwenye harusi ya kwao. Mbele mimi na yeye, nyuma shemeji yangu Idi, kaka yake mkubwa, ambaye alikuwa na shughuli zake mjini. Idi ni mtu wa dukani, maneno machache, macho mengi. Tangu nimuoe dada yake, miaka ishirini na tatu, nimekuwa nikimwonyesha kwamba hakuangukia pabaya. Gari hili ni sehemu ya maonyesho hayo, na ndani ya gari, AC ndiyo mgeni rasmi. Nilishamwambia Idi kwamba AC yangu ukiiweka namba tatu lazima uvae koti. Nilimwambia kuna mteja alipata mafua humo ndani, mwezi wa kumi na moja, Dodoma hii hii.

AC ilikufa mwaka juzi.

Fundi alifungua boneti, akaitazama kompresa, akafunga boneti kama daktari anayevua miwani. Tangu siku hiyo nabonyeza kile kitufe, taa yake inawaka, feni inavuma, na kinachotoka ni joto la injini. Nasema, mnaisikia baridi? Watu wana adabu. Wanasema wanaisikia.

Tulipopita Haneti mvua ikashuka, si ya kudondoka, ya kumwagwa. Tukapandisha vioo. Vikaingia ukungu, ndani kukawa kama sufuria ya ubwabwa iliyofunikwa. Mama Zuhura akateremsha kioo chake kidogo, maji yakampiga usoni, akakipandisha. Akakigusa tena. Mimi nikasema kwa sauti ya kumfikia Idi, "Acha kioo, AC inafanya kazi." Nikabonyeza kitufe.

Idi akasema kutoka nyuma, "Hii ndiyo ile ya koti, shemeji?"

"Ndiyo hiyo. Ipe muda."

"Naipa. Nimevua na kofia, isipate tabu kunifikia."

Mke wangu hakusema kitu. Nikadhani ameniunga mkono. Nilipogeuka kumtazama, mabega yake yalikuwa yanapanda hayashuki, na midomo imebadilika rangi. Kile kipampu chake cha kuvuta dawa ya pumu kilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa kwenye buti, chini ya gunia la karanga na kuku wawili wa zawadi. Nikasimama pembeni ya lami. Aliyeruka nje kwenye mvua kukileta alikuwa Idi.

Mimi nilibaki nimeshika usukani wa gari lililosimama.

Mama Zuhura alipopata pumzi aliteremsha kioo chote, akakaa na ile mvua mpaka tukaingia mjini. Khanga yake ililowa chapachapa. Idi hakurudia habari ya koti, na kunyamaza kwake kuliniumiza kuliko ule utani. Tulipofika nyumbani Mama Zuhura akasema, "Gari lako sitapanda tena, Baba Zuhura." Hakusema kwa hasira. Hasira yake ninaijua njia ya kuizunguka.

Jumatatu asubuhi nilikumbuka maegesho ya Mtumba. Kule napeleka wateja mara kwa mara, watumishi wanaotaka viwanja karibu na ofisi. Magari yanashinda juani, vioo vimeachwa wazi upana wa vidole viwili, na juu ya kila kioo kuna ukingo wa plastiki nyeusi uliochomoza kama kope. Mafundi wanaita vaiza. Mvua ikinyesha, maji yanapita juu ya plastiki, hewa inapita chini yake. Miaka yote nimeziona nikidhani ni urembo wa watu wa ofisini.

Nikaenda Majengo kwenye duka la vipuri. Muuzaji ni dada mmoja mfupi, penseli ameichomeka kwenye kilemba.

"Za gari gani, mjomba?"

Nikamtajia gari langu, nikalipunguzia umri miaka minne. Nikasema toleo jipya. Yeye alitoka nje akaliangalia.

"Mjomba, hili la zamani."

"Yanafanana."

"Taa zinafanana. Mlango haufanani. Nikikupa za toleo jipya zitaachia hapa pembeni, mvua itaingia kama hukufunga kitu."

Nikakubali, kwa sauti ya mtu anayesamehe.

Akaniwekea aina mbili mezani. Moja nyembamba, unaichomeka ndani ya mfereji wa mpira ambamo kioo kinapita, ukiwa mbali huioni. Nyingine pana, inabandikwa nje kwa gundi ya pande mbili, na chini yake ina mstari wa fedha unaong'aa. Akaniuliza, "Unataka za urembo au za hewa?"

Nimelifikiria swali lile siku mbili sasa. Mtu ametoka kuona mke wake anakosa pumzi, hata siku haijapinduka, anaulizwa urembo au hewa, na mkono wake unakwenda wenyewe kwenye mstari wa fedha.

Dada akanieleza namna ya kufunga. Nifute ukingo wa mlango kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, maana vumbi la Dodoma hata usipoliona lipo. Nisipake kitu. Nibandike, nikandamize, halafu siku nzima nisiteremshe kioo, nisioshe gari, na nikiweza nisitoke nalo kabisa. Akasema fundi wao anaweza kunifungia palepale. Nikamwambia mimi nimewahi kufunga breki za treni pale stesheni kwa waya wa kuanikia nguo.

Akanifungia vaiza zangu kwenye gazeti.

Nyumbani nilifuta kwa spiriti, ukweli niuseme. Lakini nikarudi nyuma hatua mbili nikatazama: plastiki mpya inang'aa, mlango umefifia. Nikaona haiwezekani. Nikachukua ile dawa ya kung'arishia dashibodi, nikapaka ukingo wa milango yote minne mpaka nikajiona meno. Ndipo nikabandika.

Jirani akapita, akasema gari limekuwa la mheshimiwa. Neno hilo lilinimaliza. Badala ya kuliacha lipumzike, nikaliwasha nikaelekea Mtumba, nikaliegeshe katikati ya wenzake.

Sikufika. Karibu na Ihumwa nilisikia kitu kinapiga kofi kioo cha kushoto. Kikapiga la pili. La tatu halikuja. Nikaona kwenye kioo cha pembeni kitu cheusi kinaruka kama kunguru, kikavuka lami, kikaingia majanini. Nikasimama nikazunguka gari. Kati ya zile nne ilikuwa imeondoka ya mbele kushoto.

Ya upande wa Mama Zuhura.

Nikarudi kwa miguu, suruali ya Ijumaa, naitafuta kwenye miiba huku malori yananipita na upepo wake. Nikajikuta naongea peke yangu. Nilikuwa naomba. Mimi huwa naomba viwanja vitoke, jana niliomba plastiki. Niliikuta imepasuka pembe moja, mstari wake wa fedha umebanduka. Mstari sikuutafuta.

Leo asubuhi nikarudi dukani nayo kwapani, nikaanza kwa ukali, nikasema gundi yao mbovu. Dada alipitisha kidole kwenye ile gundi, akakinusa.

"Ulipaka nini, mjomba?"

"Sikupaka."

"Mjomba, mlango wako unanukia stroberi."

Kulikuwa na wateja wawili pembeni. Mimi ndiye niliyesimulia humu kwamba nilimfukuza simba kwa mwavuli njia ya Mpwapwa. Stroberi ikanishinda. Nikasema, "Nilipaka ya dashibodi." Akanikatia gundi mpya, akaniambia nibandue zote nianze upya. Hakucheka mpaka nilipofika mlangoni, na ninahesabu hiyo ni heshima.

Nilipokuwa nasugua milango, Mama Zuhura alikuwa hapa barazani anachambua choroko. Sijui kilichonifungua mdomo. Labda ni pale dukani, kuona kwamba mtu anaweza kusema alichofanya na paa lisimwangukie. Nikasema bila kumtazama, "AC ya gari ilikufa."

"Najua."

"Tangu mwaka juzi."

"Najua, Baba Zuhura. Mkono wangu nao una ngozi."

Nikamuuliza basi kwa nini Jumapili hakusema. Angesema tu, ningesimama.

Akatoa kijiwe kwenye choroko, akakitupa. "Kaka yangu alikuwa nyuma. Nilifundwa mimi, mume wangu simwaibishi mbele ya ndugu zangu. Nikasema nikusitiri, tutafika Makutupora mvua itakata. Nikakusitiri mpaka pumzi ikaisha."

Akaingia jikoni na ungo wake.

Nimekaa na maneno hayo tangu mchana. Miaka ishirini na tatu nilidhani watu wananiamini. Kumbe kila nilipojisifu palikuwa na mtu pembeni ananishikia pazia, na mkono unamuuma, na mimi namwona kama shabiki. Ningeweza kumuua kwa kitufe chenye taa. Nimeandika hivyo, nimefuta, nimeandika tena. Acha ibaki.

Nimefuta milango mpaka kitambaa kimetoka cheupe, mara tatu. Nimebandika zote nne, na ile iliyopasuka nimeirudisha upande wake, haina mstari, haina sura, ila imekaa. Nimezishikiza kwa gundi za karatasi. Saa kumi mteja akapiga simu yuko Mtumba, anataka kuona kiwanja leo leo. Mdomo wangu ulishafunguka kusema gari nimemwazima mbunge. Nikasema, "Gari nimelifunga vaiza, halitoki mpaka kesho. Na AC haina." Akaniuliza nani ameniuliza habari ya AC. Akakata. Huenda nimempoteza.

Sasa sijui. Sijui kama zitashika. Sijui kama hewa ya vidole viwili inamtosha mtu mwenye kifua kile mvua ikimwagwa. Na zikishika zote, sijui kama atapanda, maana alichokikataa nadhani si vioo. Namsikia jikoni anakohoa, kile kikohozi kikavu cha mara mbili mbili, na kila akikohoa naangalia mawingu.

Kitambo kidogo kabla sijakaa kuandika nilifungua mlango wa kushoto nitazame kama gundi imeachia popote. Kwenye kile kimfuko cha mlango, pale mkono wa abiria unapofika bila kutafuta, kuna kipampu cha kuvuta. Ni kile cha akiba, kinachokaa kwenye droo chumbani. Sikukiweka mimi.

Sitamuuliza. Nikimuuliza nitaanza kujisifu.

Lililobaki ni Idi. Bado yuko mjini, na Alhamisi atataka kujua dada yake amefikaje kliniki. Nataka ajue kutoka kwangu kwamba Jumapili alikuwa amekaa kwenye gari lisilo na AC, na kwamba dada yake alikuwa anajua, na sababu iliyomfanya anyamaze. Akishajua, Mama Zuhura hatakuwa na kitu cha kusitiri, ataweza kuteremsha kioo wakati wowote anaotaka. Simu iko gotini. Nimejaribu namna tatu za kuanza, na zote tatu zimeanza na mimi kuwa shujaa.

Nampigia sasa hivi, kabla sijatunga ya nne.