Riveti ya Kumi na Saba

Kibuye, nyuma ya soko,
Kisumu.
9 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mathews,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Habari za huko Halifax? Shemeji Terry anaendeleaje, na watoto je? Huku sisi ni wazima. Mgongo wa mke wangu Nasike umepoa. Mvua ilipiga mpaka watu wa Nyalenda wakabeba magodoro vichwani, lakini kwetu maji yaliishia mlangoni. Baba anakula, analala, ananung'unika. Kwa mtu wa miaka themanini na mmoja, hiyo ndiyo afya.

Macho ndiyo habari mbaya. La kulia limezima kabisa. La kushoto linaona kivuli tu, na daktari ametuambia tusilitegemee kupita Desemba.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikikupigia simu Baba huwa amekaa hapo hapo, na masikio yake hayana kasoro. Tena kwenye simu ningekugombeza bure.

Wewe ndiye uliyeona kwenye mtandao zile picha za kiwanja cha burudani na kumpigia: "Baba, ndege yako iko Kisumu!" Kweli, namba ya mkiani ilikuwa ileile, 216. Siku hiyo mzee hakula. Kuanzia hapo akawa anataka kitu kimoja tu, apelekwe kabla macho hayajafungwa, akaushike ule mlango wa mizigo.

Hadithi ni yako, unaijua. Nanyuki, mwaka 1979, Baba akiwa fundi wa ndege za jeshi, pipa la mafuta liliteleza likautoboa mlango. Baba akakata kiraka cha bati, akakibana kwa riveti zake, vile vipini vya kupigwa kwa nyundo, na alipokuwa anamaliza simu ikaingia kambini kwamba amepata kijana. Akaongeza riveti moja pembeni, peke yake, na sajini akamtukana mbele ya watu. Kila siku yako ya kuzaliwa tuliisikia, "riveti ya Mathews". Mimi niliyekutangulia kwa miaka minne sikupigiwa hata msumari.

Basi Jumamosi ya tarehe 24 Mei nikampeleka kwenye hicho kiwanja, mbele kidogo ya Mamboleo. Ndege ya jeshi wameipaka kijani cha gari la mkate na kuichorea meno ya papa puani. Matairi ni ya trela ya trekta. Ncha ya bawa la kushoto ni mbao. Nilikuwa na futi yangu ya kupimia mfukoni, nikapima, ni fupi kuliko la kulia kwa sentimita arobaini na moja. Kibao kinasema ilipigana vita mwaka 1943. Baba anasema ilitoka kiwandani 1967 na haikuwahi kupiga hata kunguru. Kwenye kiti cha rubani wameketisha sanamu ya plastiki iliyovaa miwani ya jua. Harufu ya chipsi kila mahali, na bi harusi mmoja amepanda juu ya bawa na viatu vyake, anapigwa picha.

Baba hakuyaona hayo, nashukuru Mungu. Alivua kofia. Akaniambia nimfikishe mkiani, kisha akahesabu hatua mwenyewe kuelekea mbele. Saba. Akasimama mbele ya mlango sawasawa.

Msichana anayetembeza wageni, Celestine, akaja mbio. "Mzee, hapo hatugusi! Kuna kamba."

"Mama, hii nimeigusa kabla mama yako hajazaliwa."

Yule msichana akamtazama macho, akaelewa. Akaishusha ile kamba mwenyewe. "Haya Mzee, gusa, lakini gusa haraka. Bosi asione."

Baba akaweka vidole vyote kumi. Akapapasa juu, chini, juu tena. Laini kama sahani. Akaniuliza kama huo ni mlango wa kushoto. Nikamwambia ndiyo. Akarudia mara tatu, kisha akaishusha mikono.

"Aliyefanya hii ni fundi," akasema. "Hakuacha hata kovu."

Mimi wakati huo nilikuwa natazama bawaba. Zilikuwa na boliti mbili za spana ya kumi na tatu, vichwa vimesuguliwa upande mmoja ili zikae. Hakuna mtu Kisumu nzima anayezisugua hivyo isipokuwa mimi.

Mathews, nilifanya mimi. Agosti mwaka jana mtu alileta karakanani kwangu bati kubwa la alumini kwa mkokoteni, limepakwa rangi ya kontena, limelazwa kichwa chini. Alitaka kitu kimoja tu, liwe kama kioo. Sikuuliza ni la nini. Sisi mafundi wa Kibuye hatuulizi chuma kimetoka wapi. Ukiuliza, mteja anaenda kibanda cha pili. Katikati palikuwa na kiraka. Unanijua, nikiona kitu nakihesabu. Riveti kumi na sita kwa mistari minne, na moja pembeni haina mwenzake. Nikamwita Perez, yule jirani yangu wa kupaka rangi, nikamwonyesha. Nikamwambia, "Kumi na saba! Aliyepiga hizi alikuwa mlevi." Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kisha nikawasha grinda ya kusagia chuma.

Kiraka nilikitoa chote, nikatia bati jipya na fila ya kuzibia, nikapiga msasa siku mbili, nikafunga na boliti za bawaba. Kile cha zamani nilikitupa kwenye rundo la wale wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria. Huenda sasa hivi kuna mtu anapikia ugali wake humo. Kiwanja kile kinanichukiza, lakini mkono huu unaoshika kalamu ndio unaonichukiza zaidi.

Nilikaa na jambo hili usiku mmoja tu. Jumapili baada ya kanisa nilimwambia Baba yote, hata kile kicheko. Hakuniuliza ni kwa nini nilikitoa. Aliuliza nilihesabu ngapi.

"Kumi na saba, Baba."

"Na hukuuliza?"

Akachukua fimbo yake, akaingia ndani. Kwa miaka thelathini nimekuwa nikijisifu kwamba sikusomeshwa na mtu, niliinuka kwa hesabu zangu mwenyewe. Nilihesabu vizuri sana, Mathews. Kuuliza ndiko kulikonishinda.

Jumatatu nilirudi kule na drili yangu. Nilitaka waniruhusu nikate upya, nimwekee mzee kiraka chake, bure. Msimamizi wao anaitwa Calvince. Akashika kichwa. "Omera, ndugu, maharusi wanakuja hapa kila Jumamosi. Watu wanataka kitu inang'aa. Sasa wewe unataka kuniwekea kidonda kwa mlango?" Halafu akauliza mimi ni nani hasa. Nikamwambia mimi ndiye fundi wa huo mlango. Sura yake yote ikafunguka, akanipa mkono. "Kumbe ni wewe! Wacha nikuonyeshe bawa ya kulia, iko na viraka mingi sana. Toa yote!"

Nilitema mate chini, nikaondoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukataa kazi tangu 1995.

Jumatano Baba aliniita. Aliagiza alumini, nyundo ya nusu kilo na riveti kumi na saba. Tukautoa mlango wa karakana yangu ili akipige hapo kiraka chake upya, akapima kwa vidole, mimi nikawa nashikilia chuma kwa nyuma. Alikuwa anapiga mbili, anapumzika, anapiga tena. Siku nne. Tatu zimepinda, na nilipotaka kuzing'oa alinipiga kidole kwa nyundo. Nadhani alikusudia.

Tundu la kumi na saba alilitoboa pembeni, mahali pake, akaliacha. Nikamuuliza kama tumalizie. "Hiyo si yangu tena," akasema. "Mathews ajipigie mwenyewe, nikisikia."

Kwa hiyo mlango umerudi mahali pake, na upepo wa ziwa unapita kwenye hilo tundu. Perez anasema fundi aliyeliacha wazi alikuwa mlevi. Nilimjibu vibaya.

Usinitumie picha nyingine ya ndege, wala usimtumie mzee pole kwa simu. Omba likizo. Desemba iko mbali kwako, kwa jicho lile iko karibu. Riveti yenyewe iko mfukoni mwangu, ya milimita tatu, na chuma cha kushikilia kwa nyuma nitakishika mimi.

Dada yetu Nabututu anakusalimu kutoka Webuye, na Nasike anasema ulete viatu vya shule vya binti yetu Emmaculate, namba thelathini na saba. Msalimie Terry na watoto. Mungu awalinde njia yote mpaka mlangoni kwangu.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,
Dishon Wakhisi.