Udongo wa Kupikwa

Jumatatu, 3 Machi
Sahani ya tatu leo. Udongo naulowesha kwanza, naufunika, naingiza kwenye maikrowevu ya mkamwana wangu Nyamisi. Ukifuka mvuke vizuri natoa. Bwana shamba alisema joto linaua ugonjwa uliomo. Zamani tulichomaga moto juu ya kitalu. Kuni ziko wapi hapa Buhare? Nyamisi kanuna. "Mama, humo napashaga uji wa mtoto!" Anune.

Jumamosi, 8 Machi
Mbegu za nyanya nimezisia. Mwanangu Magesa kanikumbusha: miche ikifa tena, shamba la Bukima anawapa wafyatua matofali. Shamba alilofyeka baba yake! Nilimpakulia sangara, akala kichwa chini.

Jumanne, 18 Machi
Miche imelala. Yote. Shina limeoza pale linapogusa udongo, kama mwaka jana. Nimelia chooni wasinione. Jirani yangu Wankuru kachungulia kitalu: "Bibi, udongo wako haujaiva, ongeza chumvi!" Nikamwambia alete bakuli nimpakulie. Tumecheka. Roho inauma.

Jumatano, 19 Machi
Nimejua. Ni mimi. Udongo niliupika, kisha nikauchanganya na samadi isiyopikwa. Kwetu samadi ni baraka, nani aishuku? Na zizini ndiko nilikotupaga mabua ya nyanya zilizokufa, ng'ombe wale, yasipotee bure. Ugonjwa nimeurudisha kwa mkono wangu. Mjinga mkubwa mimi. Basi na samadi ipikwe.

Ijumaa, 21 Machi
Nyumba nzima inanuka zizi. Nyamisi alitoka mbio na mtoto. Nikadhani kaenda kunishtaki kwa Magesa mumewe. Karudi peke yake, kanga kaifunga puani, kashika mwiko. "Mama, hii kavu, haitapata moto. Ongeza maji." Kweli ilikuwa kavu. Tumepika wote mpaka ikaisha. Maikrowevu kaisugua mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Nampenda huyu mkamwana, hata akinuna. Mbegu zilizobaki nimezisia. Hakuna nyingine.

Alhamisi, 17 Aprili
Miche imesimama. Nimepitisha kiganja juu yake, mkono wote unanukia nyanya.
Magesa kaja. Kachuchumaa pale kitaluni. Kisha akauliza jembe la kwenda nalo Bukima liko wapi.
Nyuma ya mlango. Palepale alipoliwekaga baba yake.