Doa la Sharubati ya Chupa

Ijumaa usiku

Naomba radhi kwa siku zilizopita bila kuandika. Doa lile limeninyima utulivu.

Leo nimelisugua tena kwa sabuni na ndimu. Kitambaa cha meza alichokidarizi marehemu mke wangu bado kina rangi ya chungwa pale sharubati ya chupa ilipomwagika. Nilivaa miwani nikasoma karatasi ya chupa: sukari, rangi, dawa ya kuzuia kuoza. Chungwa lenyewe halikutajwa. Na mjukuu wangu Luisa hunywa bilauri nzima kila jioni. Ikiwa rangi hii haitoki kitambaani, tumboni mwa mtoto inakaa wapi?

Ila chupa hizo huniletea mama yake, Agnesi, mke wa mwanangu, kwa heshima. Nilitanguliza shukrani, nikaomba msamaha mara mbili, ndipo nikamwonyesha doa.

Akacheka. “Na bibo je, Baba? Doa lake halitoki mpaka nguo iwe tambara, na maji yake tumeyanywa tangu utotoni.”

Nikajibu kwamba bibo najua limetoka mkorosho gani, lakini hiyo dawa...

“Hata mimi siipendi,” akasema. “Naona kama nakunywa dawa ya kikohozi. Nainunua kwa kuwa Baba unaishukuru mno.”

Mno! Nilishukuru kwa adabu, naye kwa adabu akaendelea kununua.

Haitanunuliwa tena. Mabibo yameiva kwao Agnesi, Nanyamba. Kesho kaka yake Damiani atatuletea kikapu kwa baiskeli. Kitambaa nimekwisha kukiondoa mezani.