Maneno ya Bibi Baada ya Hodi

Chang'ombe, Temeke
Jumapili, baada ya alasiri

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kiti chako cha kamba, miwani puani na kalamu nyekundu mfukoni. Mguu unaendeleaje? Na masikio? Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi anakuita mara tatu ndipo ugeuke, na ukigeuka unamwambia asipige kelele. Mimi ni mzima. Shangazi Mwanaidi ni mzima, na mumewe, Mjomba Salehe, ni mzima ila mgongo. Ya shule nitayaandika huko mwishoni, maana leo nina habari isiyosubiri. Ni ile kazi uliyonituma.

Ningeweza kupiga simu, lakini neno lenyewe ni dogo na sitaki lipotee njiani. Wewe mwenyewe ulisema masikio yamechoka, macho bado. Basi nayaandikia macho.

Unakumbuka asubuhi niliyoondoka Kondoa uliniita nyuma ya nyumba ukanipa mkebe wangu wa hesabu. Ndani, kati ya bikari na kifutio, ulikuwa umeweka memori kadi ya ile simu ya Baba iliyokufa, umeifunga kwa karatasi ya daftari. Ukaniambia, "Nasikia hodi yangu. Halafu nasikia kama bibi yako anasema kitu. Halafu basi. Mjomba wako ni mtu wa spika. Nitafutie alisema nini."

Niliona aibu, Babu, kwa sababu siku ile nilikuwepo. Mimi ndiye niliyerekodi. Nilikuwa darasa la sita, simu ya Baba ilikuwa mpya, na nilimwomba nijaribu kurekodi sauti. Niliilaza ubavu juu ya kigoda mbele ya Bibi, naye anatwanga uwele. Kuku walikuwa upande wa kushoto, mlango wa uani upande wa kulia. Hakuambiwa aimbe. Alianza mwenyewe, taratibu, kwa kufuata mchi, na wimbo aliouimba ni ule uliomtungia wewe ulipokuwa mwalimu mgeni pale kijijini, bado hujatuma posa. Miaka yote ulikuwa unamwomba auimbe, na miaka yote alikujibu vilevile: "Nimeusahau, Mwalimu. Mambo ya zamani hayo." Kumbe alikuwa nao wote, beti zote nne, bila kukosea.

Kisha wewe ukapiga hodi, umerudi kutoka sokoni, nami nikakimbia kukupokea kikapu. Aliyoyasema Bibi nyuma yangu sikuyasikia. Niliporudi nikaizima simu, tukala.

Ni mwaka wa pili sasa Bibi hayupo, na bado nikisikia mtu anatwanga najikuta nasubiri aimbe. Hapa Chang'ombe hakuna anayetwanga. Kuna watu wa kuchomelea mageti, kuna viwanda, kuna muziki wa singeli wa kijana wa nyumba ya pili. Earphone zangu upande mmoja umekufa. Nilijaribu kusikiliza nikiwa nimejifunika shuka, nikasikia kunong'ona tu, kama mtu anayepuliza moto. Kwa hiyo nilimsubiri Mjomba na spika zake.

Spika zenyewe inabidi nikueleze, maana hazifanani na zile anazofunga kwenye kumbi za harusi. Ni mbili, nyeusi, kila moja ina ukubwa wa ndoo. Alizinunua kutoka studio moja iliyokuwa inahama. Hazihitaji amplifaya, kwa sababu kila moja imebeba amplifaya yake tumboni. Unachomeka kila spika kwenye umeme, halafu unaleta waya kutoka kwenye simu au kompyuta, basi. Amezipanga sebuleni juu ya meza mbili na hataki mtu aziguse. Shangazi amezifumia vitambaa, anazifunika kila asubuhi kama alivyofunika televisheni.

"Salehe, vumbi!"

"Mke wangu, hapo unapofunika ndipo mdomoni. Nani anaimba kafunikwa kitambaa?"

"Basi waimbe na vumbi lao."

Mjomba anavitoa, anavikunja, kesho vimerudi.

Nilisubiri wiki tatu. Leo baada ya chakula cha mchana, jirani wa mageti amepumzika na kijana wa singeli ameenda mpirani, Mjomba akafunga madirisha na kusema, "Haya, Kondoa, lete hiyo kadi yako." Hivyo ndivyo anavyoniita.

Simu yake haina tundu la kuchomeka waya, kwa hiyo tukatumia simu ya zamani ya Shangazi. Nilipoiingiza kadi, simu ikaandika maneno mengi. Sikuyasoma. Nilikuwa na haraka, nikabonyeza OK. Wewe umenifundisha tangu darasa la kwanza kwamba swali husomwa mara mbili, na mimi sikusoma hata mara moja.

"Tuanze na moja, tuone inavyopumua," akasema Mjomba. Akachukua waya mmoja kwenye mfuko wake wa kazi, ncha ndogo akaichomeka kwenye simu, ncha nene kwenye spika ya kulia. Akawasha.

Babu, nilisikia kuku wetu. Nilisikia kucha zake zinaparua udongo, nikaangalia chini kwenye vigae. Nikasikia mbuzi wa jirani, na upepo kwenye bati la banda. Mchi ulisikika kwa mbali sana, kama unatwangwa nyumba ya tatu. Nikasubiri Bibi aanze. Kuku akaendelea kuparua. Nikasubiri. Mara ukasikika wewe, wazi kabisa, na kile kikohozi chako kabla ya kusema:

"Hodi hapa!"

"Karibu! Karibu ndani!" akaitika Shangazi kutoka jikoni. Akatoka anafuta mikono kwenye khanga, akaenda moja kwa moja kufungua mlango wa mbele. Nje hakukuwa na mtu. Akaangalia kulia na kushoto, akatugeukia. "Nani kapiga hodi?"

"Baba yako," akasema Mjomba.

Shangazi akakaa kwenye mkono wa kochi. Hakuufunga mlango.

Tulirudia mara tatu. Wewe ulikuwepo, kuku walikuwepo, mbuzi alikuwepo. Bibi hakuwepo. Uwanja ulikuwa uleule na sauti zote zipo isipokuwa yake, kama ilivyo nyumbani sasa. Nikajua nimemfuta. Nikawaambia kuhusu OK, na nililia, Babu, sitakuficha. Nilikuwa nafikiria tu nitakuandikiaje. Kadi ni moja, na ulinikabidhi mimi.

"Nani kakwambia ubonyeze usichokisoma?" Shangazi akaniuliza, lakini polepole, na yeye macho yamejaa.

Mjomba akanipa kitambaa kimoja cha spika nifute uso.

Sijui kwa nini nilikwenda kuchukua zile earphone zangu mbovu. Nadhani nilitaka kuhakikisha kabla sijaamini. Nikauchomoa waya, nikazichomeka, nikaweka ule upande mmoja mzima sikioni.

Alikuwa anaimba.

"Yupo! Mjomba, yupo!"

"Lete hapa." Akasikiliza, akakunja uso. "Yupo kweli. Sasa mbona kwenye spika hayupo?"

"Spika mbovu hizo," akasema Shangazi. "Nani alikwambia ni nzima?"

"Mke wangu, hizi zimetoka studio."

"Hata mie nilitoka kwa baba yangu mzima."

Nilicheka huku nalia. Halafu nikajipa moyo nikasema, "Samahani, Mjomba. Kama kwenye earphone yupo na kwenye spika hayupo, huenda anapotea kwenye waya."

Nilidhani atakasirika, maana yeye ni fundi na mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Akauchukua waya, akaigeuza ile ncha nene mbele ya dirisha. Akaiangalia muda mrefu. Kisha akajipiga paji la uso. "Astaghfirullah. Salehe mzima mie, na nywele hizi nyeupe!"

Alinieleza, nami nakueleza nilivyoelewa. Ile ncha ina vimkanda viwili vyeusi. Maana yake inabeba njia mbili, sauti ya kushoto na sauti ya kulia. Lakini tundu la spika ya studio limetengenezwa kwa kazi nyingine. Linapopata njia mbili, linachukua moja na kuitoa kwenye nyingine, ili kuondoa mikwaruzo inayoingia njiani. Kilichokuwa upande mmoja tu kinabaki. Kilicho sawasawa pande zote mbili kinafutika.

"Ni hesabu ya kutoa," akasema. "Tano toa tano. Kuku alikuwa pembeni, kabaki. Mzee alikuwa mlangoni, kabaki. Bibi yako ulimweka wapi?"

"Mbele ya simu. Katikati."

"Ndiyo hivyo. Kwenye harusi naunganisha vizuri kila siku, leo nyumbani kwangu nimepokea mgeni halafu nimemtoa nje."

Akaenda bandani kwake, akarudi na waya wa mikia miwili. Kichwa kimoja cha kuingia kwenye simu, na mikia miwili, kila mmoja una kimkanda kimoja tu. Mkia wa kushoto kwenye spika ya kushoto, wa kulia kwenye ya kulia. Akashusha sauti mpaka chini kabisa kabla ya kuwasha, akatukalisha mimi na Shangazi kwenye kochi usawa wa katikati, kisha akaanza kuipandisha kidogo kidogo.

Kuku akawa kushoto. Mbuzi akawa mbali. Na Bibi, Babu, hakutoka kushoto wala kulia. Alitoka katikati ya spika mbili, pale ambapo hakuna spika yoyote, kuna kabati na thamosi ya chai tu. Nilikuwa naiangalia thamosi na namsikia Bibi. Mchi ulipotua nilisikia uwele unavyosagika. Nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya kila mstari, na pale kwenye ubeti wa tatu anapopunguza sauti kwa sababu ndipo ulipomtaja jina. Shangazi alijifunika khanga kichwani na kuinama. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yetu, hakusogea.

Ukapiga hodi. Safari hii Shangazi hakuitika, aliweka mkono mdomoni. Nikasikia ndala zangu zinakimbia kutoka katikati kwenda kulia, na sauti yangu ya kitoto inapiga kelele, "Babu kaja!" Mchi ukawekwa chini. Kisha Bibi akasogea. Alisogea kabisa, kama anainama juu ya kigoda, na akasema.

Babu, hakuwa anasema na mimi, wala na wewe. Alikuwa anaisemesha simu. Tumerudia mara tano, na Mjomba amenisimamia niandike neno kwa neno. Alisema:

"Na wewe, usimwambie kama nimeimba. Atajiona."

Halafu akacheka kile kicheko chake cha puani, kimoja tu, na basi.

Shangazi alicheka mpaka akaangukia mto. "Mama huyo! Ndiye yeye kabisa!" Kisha akalia, kisha akacheka tena, akaenda kuchemsha chai ingawa thamosi ilikuwa imejaa. Mjomba alijifanya anakagua waya.

Ndiyo hayo uliyonituma. Hakuwa ameusahau wimbo wako hata siku moja. Alikuwa anauficha usije ukavimba kichwa. Simu ile ilimtii, ikaitunza siri yake kwenye kadi miaka yote hii mpaka leo.

Mjomba ameshanakili kila kitu kwenye kompyuta yake na kwenye kadi nyingine, ili kisitegemee kidole changu tena. Nilimuuliza kama wakati wa likizo ndefu tunaweza kuja na spika Kondoa, tuzipange sebuleni kwako, wewe ukae usawa wa katikati na usikie mwenyewe. Akasema, "Spika zangu hazipandi basi." Shangazi akamjibu kutoka jikoni, "Na chai haipandi mezani." Dakika hii ninapoandika Mjomba yuko bandani, anapima maboksi kwa futi. Siahidi, lakini nina matumaini.

Ya shule ni machache. Fizikia imepanda. Nadhani nikimaliza nitapenda kusomea mambo ya sauti, kama Mungu akijalia. Usicheke.

Msalimie Mama, mwambie uji wa uwele wa hapa si uji. Msalimie Baba, na mwambie simu yake haikufa bure. Msalimie mdogo wangu anayelala sasa kitandani kwangu, asichore ukutani. Na yule jirani mwenye mbuzi, mwambie mbuzi wake amesikika Dar es Salaam.

Barua ukishaisahihisha naomba unirudishie kama kawaida, nione makosa. Ila lile neno la Bibi usiliguse kwa kalamu nyekundu, nimeliandika kama alivyolisema. Na kwa kuwa hakunikataza mimi, aliikataza simu, naona sina kosa kukwambia.

Jione tu, Babu.

Ni mimi mjukuu wako uliyemtuma,
Rukia