Mwarobaini Bwawani

Magu, Jumatano, Machi 1997

Hapana, si uchawi. Ni mkono wangu mwenyewe.

Sato walipoanza kutoka vidonda niliambiwa nichanganye unga wa majani ya mwarobaini kidogo kwenye pumba, utawakinga wasiougua. Kidogo! Mimi nikamimina debe zima. Tangu tupunguzwe kazi kiwandani tunalitegemea bwawa hili, na dawa isiyo chungu nani anaiamini?

Samaki wakasusa kula. Jumapili, nje ya kanisa, nikasema kwa sauti kuna jirani kanitilia kitu bwawani. Sikumtaja mtu, lakini nilimtazama Mzee Masanja, ninayepakana naye shamba. Watu wote nao wakamtazama.

Leo ndiyo nimeonja zile pumba. Nimetema mpaka mate yakaniishia. Ningekuwa samaki, nami ningesusa.

Jioni Mzee Masanja kaja na ndoo ya dagaa waliosagwa, eti nijaribu, huenda samaki wakala. Nikamwamkia huku nimeinamisha kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Umeshamjua aliyekuharibia bwawa?"

"Bado, mzee," nikasema. Na ndoo nikaipokea.