Kanuni Niliyoitunga Mwenyewe

Kimamba, Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na njia ya Rudewa ni matope matupu. Nimerudi na hasira, na safari hii hasira ni juu yangu mwenyewe.

Tangu redio itangaze baraza jipya la mawaziri, hapa hakuna mazungumzo mengine. Watu wanahesabu kwa vidole: Waislamu wangapi, Wakristo wangapi, na wale wa chama pinzani mbona hawakupata hata wizara moja. Nimewakaripia wote kwenye kahawa. Nchi si pilau ya kupakuliwa sinia kwa sinia. Mwenye uwezo apewe kazi, awe anasali Ijumaa au Jumapili. Nimeliandika hilo hata gazetini.

Bado naliamini.

Lakini kesho ushirika wetu wa pamba unachagua viongozi, na majina niliyachuja mimi, katibu. Kanuni pia niliitunga mimi: asiyejua kusoma na kuandika asigombee. Bwana Athumani wa Rudewa, Mwislamu na mtu wa chama pinzani, alitia sahihi fomu ya kugombea kwa herufi za Kiarabu. Nikaandika pembeni: hajui kusoma.

Leo nimekwenda kumwambia uso kwa uso, maana sipendi kumkata mtu kisogoni. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea kiti na daftari. Ndani yake mna miaka na miaka ya shamba lake: mvua ilianza lini, alipanda lini, wadudu waliingia lini. Yote kwa Kiswahili, yote kwa herufi zilezile za Kiarabu, zinazosomwa kuanzia kulia. Akanisomea mwaka ambao pamba yetu sisi wengine iliharibika. Yeye alichelewa kupanda kwa makusudi, akavuna.

Yeye Mluguru, mimi Mnyamwezi. Ni watani, kwa hiyo hakunihurumia.

"Mtani, babu zako walitembea kwa miguu mpaka pwani. Wewe umeshindwa kutembea kutoka kulia kwenda kushoto?"

Mkewe alicheka mpaka akaweka ungo chini. Nami nikacheka. Kisha mzee akasema bila utani, "Unapinga vyeo kugawanywa kwa dini. Sawa. Lakini ninyi wa misheni mmeshagawana."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi, niliyewakaripia wenye kuhesabu.

Kamati yetu ina watu watano. Wanne tumesoma shule moja ya misheni, na wote ni wa chama kimoja. Huo niliuita uwezo.

Na niungame lililobaki: Athumani anagombea ukatibu, kiti changu. Akiruhusiwa, wakulima wa Rudewa na Mvumi watampa kura. Nilijua hivyo nilipolikata jina lake.

Kesho baada ya misa, kabla ya kura, nitasimama niombe kanuni ibadilishwe: ajuaye kusoma na kuandika, kwa herufi zozote. Wenzangu wa chama wataniita msaliti. Nitabishana nao mmoja mmoja. Kazi hiyo naijua. Jina la Athumani nimeshalirudisha kwenye orodha, kwa wino.

Kura yangu nitajipigia mwenyewe. Akinishinda, anishinde kwa haki.